'Indolent' si 'Mvivu' Tu: Uhakiki wa Tafsiri ya Kivumishi Kimoja cha Kiingereza

Utangulizi

Katika mazoezi ya tafsiri, kuna maneno ya Kiingereza ambayo hayamsumbui mwanafunzi hata kidogo. Akiyaona hukimbilia kamusi ya lugha mbili, huchukua neno la kwanza analolikuta, hulibandika kwenye sentensi yake, kisha husonga mbele. Kivumishi 'indolent' ni mojawapo ya maneno hayo. Karibu kila daftari huleta jibu lile lile: -vivu. Mwalimu naye hutia alama ya vema, na somo linaendelea.

Makala haya yanakusudia kuihoji alama hiyo ya vema. Zipo sentensi ambamo -vivu ni tafsiri sahihi ya 'indolent', na hatuna ugomvi nazo. Lakini zipo nyingine nyingi ambamo neno hilo linapunguza maana, linaigeuza, au linamtwika mtu hukumu ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuitoa. Tutaonesha kwamba Kiswahili kina njia kadhaa za kulieleza jambo hili, na kwamba njia iliyo kali kuliko zote, yaani kumwita mtu mvivu, ndiyo tunayoifundisha kwanza na mara nyingine pekee. Suala hili linatuhusu sisi walimu kwa namna ya pekee, kwa kuwa kila muhula tunaandika maoni kuhusu watoto wa watu, na neno moja katika ripoti laweza kumfuata mtoto miaka mingi.

Neno lilikotoka

Neno 'indolent' lina asili ya Kilatini. Sehemu yake ya kwanza, 'in', ni kikanushi. Sehemu ya pili inatokana na kitenzi 'dolere', yaani kuumwa au kuona uchungu. Kwa hiyo, kwa asili, neno hili halikuhusu kazi kabisa. Lilimaanisha 'bila maumivu'. Cicero, mwanafalsafa na msemaji mashuhuri wa Roma katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alilitumia neno 'indolentia' kuelezea hali ya mtu asiye na maumivu, hali ambayo baadhi ya wanafalsafa wa Kiyunani waliihesabu kuwa lengo jema la maisha.

Kiingereza kililipokea neno hili katika karne ya 17, na kwanza lilikaa mikononi mwa matabibu: uvimbe usiouma, jipu lisilo na uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 18 ndipo lilipoanza kutumika kwa mtu asiyependa kujisumbua. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, aliziweka maana zote mbili: kutokuwa na maumivu, na uvivu. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo waliosoma Kifaransa watalitambua neno hili mara moja, kwa sababu Kifaransa nacho kinalo, kwa tahajia ile ile.

Daraja kati ya maana hizi mbili si gumu kuliona. Asiyeumwa hana kinachomsukuma. Mtu ambaye njaa haimgusi, deni halimkeri wala aibu haimchomi, hukaa alipo. Uvivu wa 'indolent', basi, ni uvivu wa mtu aliyestarehe, aliyezoea wepesi wa maisha na kuuchukia usumbufu. Mwaka 1748 mshairi James Thomson alichapisha utenzi mrefu uitwao 'The Castle of Indolence'. Humo kuna mchawi anayewavuta wapita njia waingie katika kasri lake kwa kuwaahidi raha, na wakishaingia hawatoki. Wakazi wa kasri hilo wamenaswa na raha. Si kwamba wamekosa nguvu au akili. Mwanafunzi akiitafsiri anwani hiyo kuwa 'Kasri la Uvivu' atakuwa amepata nusu ya maana, na nusu iliyobaki, ile ya raha inayomnasa mtu, itakuwa imeachwa mlangoni.

Jamaa zake katika Kiingereza

Kiingereza chenyewe kina ukoo mzima wa vivumishi vya namna hii, na kila kimoja kina mahali pake. 'Lazy' ni neno la kila siku. Mama humwambia mwanawe, rafiki humtania rafiki, na hata alasiri ya Jumapili isiyo na shughuli huitwa hivyo kwa sifa njema. 'Idle' ni neno pana zaidi: laweza kumhusu mtu asiyetaka kazi, mtu asiyepata kazi, na hata mashine iliyosimama. 'Slothful' lina harufu ya kanisa, kwa kuwa linatokana na jina la mojawapo ya dhambi saba kuu katika mafundisho ya Ukristo wa Magharibi. 'Indolent' ni neno la maandishi. Halisikiki sana sokoni wala jikoni. Hukaa katika riwaya, insha, ripoti na vitabu vya tiba. Humwelezea mtu kwa tabia yake ya muda mrefu, na aghalabu msemaji huwa amesimama mahali pa juu akimtazama anayemsema.

Wafasiri wa Biblia waliwahi kukabiliana na ukoo huu, na kazi yao inatufundisha jambo. Katika Mithali 6:6, mtu anayetumwa kwa chungu akajifunze kazi anaitwa 'sluggard' katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kiswahili cha Union Version kimemwita 'mvivu'. Lakini katika Mathayo 25:26, yule mtumwa aliyefukia talanta ya bwana wake anaitwa 'slothful' kwa Kiingereza, na wafasiri wetu hawakurudia 'mvivu'. Waliandika 'mlegevu'. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mtumwa yule hakulala. Alichimba ardhi, akaficha fedha, akazitunza zisipotee. Kosa lake ni kwamba hakujikaza kufanya biashara kama wenzake. Wafasiri waliyaangalia matendo ya mhusika kabla ya kumpa jina.

Hazina ya Kiswahili

Tuanze na neno lenyewe, -vivu. Wanafunzi hulijua kama kivumishi tu, ilhali katika matumizi ya wasemaji wa Kiswahili dhana hii hutokea kwa sura zisizopungua nne:

(a) Juma ni mvivu.
(b) Juma ana uvivu.
(c) Juma anafanya uvivu.
(d) Juma anaona uvivu.

Sentensi hizi si sawa. Ya kwanza inataja alivyo Juma. Ni hukumu juu ya nafsi yake. Ya pili inasema ana kasoro, kama mtu anavyoweza kuwa na hasira au haraka, na alicho nacho mtu anaweza kukiacha. Ya tatu inataja tendo: leo, katika kazi hii, Juma anategea, na pengine kesho hatategea. Ya nne inataja hisia ambayo kila mmoja wetu anaijua asubuhi ya mvua: anaona uvivu kuamka, lakini huenda akaamka. Mwanafunzi aliyefundishwa (a) peke yake amepewa nyundo, na kila atakachokiona atakigonga.

Baada ya hapo kuna maneno mengine, na kila moja lina kazi yake.

Mzembe ni mtu asiyejali wajibu wake. Uzembe huleta madhara kwa wengine: dereva mzembe, mlinzi mzembe, mhasibu mzembe. Ndiyo maana neno uzembe limeingia katika lugha ya sheria, kama katika kosa la kuendesha gari kwa uzembe. Mtu anaweza kuwa mchapakazi na bado akawa mzembe. Kumfasiri mtu aliye 'indolent' kuwa mzembe ni kumfungulia mashtaka.

Mlegevu anatokana na kulegea, kama kamba iliyolegea. Hana mkazo. Neno hili lahusu mwili pia, hivyo mtoto mwenye homa huweza kuwa mlegevu bila lawama yoyote. Mtepetevu, kutokana na kutepeta, yu karibu naye: mwendo wake hauna uhai, na maneno yake hayana nguvu.

Goigoi ni neno la kejeli. Mtu goigoi ni mzito, hana wepesi wa kutenda. Halifai katika barua rasmi, lakini katika mazungumzo ya riwaya lafaa sana.

Ajizi ni hali ya kuchelewachelewa na kushindwa kulitenda jambo kwa wakati wake. Methali inasema: Ajizi nyumba ya njaa. Hapa wazee hawakuutaja usingizi wala raha, walitaja kuahirisha.

Tunamalizia na kitenzi ambacho hakipewi nafasi kubwa madarasani: kubweteka. Aliyebweteka amekaa kitako, ameridhika, hajishughulishi. Magazeti ya Tanzania hulitumia neno hili mara kwa mara kwa timu ya mpira iliyoridhika na ushindi wa mwanzo, au kwa viongozi waliosahau waliowachagua. Kwa maoni yetu, hili ndilo neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na kiini cha 'indolent' linapomhusu mtu mwenye nafasi. Ndani yake imo raha, imo kuridhika, na imo lawama. Kasri la Thomson lingeweza kuitwa 'Kasri la Waliobweteka', na msomaji wa Kiswahili angeelewa mara moja hatari iliyomo ndani yake.

Tena, kubweteka ni kitenzi. Aliyebweteka hakuzaliwa hivyo. Amefika hapo, na anaweza kuondoka. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina vivumishi asilia vichache, na kazi kubwa ya kuelezea watu huifanya kwa vitenzi. Maneno mlegevu na mtepetevu yenyewe yamezaliwa na vitenzi. Mfasiri anayetafuta kivumishi kwa kivumishi anaipuuza nguvu hiyo ya lugha yetu.

Wanafunzi wetu wanaozungumza Luganda wana faida hapa, na pia wana mtego. Luganda ina omugayaavu, ambaye ni mvivu, na ina omunafu, neno linalobeba udhaifu na uvivu kwa pamoja. Mwanafunzi huyo tayari anajua nyumbani kwake kwamba dhana hii ina vyumba zaidi ya kimoja. Kazi ya mwalimu ni kumkumbusha. Wale wa Kinyarwanda na Kirundi wanalo neno umunebwe. Kwa wanafunzi wengi, mtego mwingine ni wa sauti: wivu na uvivu. Tofauti ni silabi moja, lakini mtu mwenye wivu anaweza kuwa wa kwanza kufika shambani.

Kidonda, jicho na saratani

Kosa la kubandika -vivu kila mahali hudhihirika zaidi katika lugha ya tiba, ambako 'indolent' limehifadhi maana yake ya kale. Madaktari husema 'indolent ulcer' kwa kidonda kisichouma sana na kisichopona upesi. Tukiandika 'kidonda kivivu' tutachekesha. Kiswahili kina jina la kidonda sugu cha namna hiyo: donda ndugu. Pale ambapo jina hilo halitoshelezi, maelezo mepesi yatafaa: kidonda kisichouma ambacho hakiponi upesi.

Saratani nazo, hususan baadhi ya zile za mfumo wa limfu, huitwa 'indolent' zinapokua polepole. Hapa hakuna kicheko tena. Mgonjwa mwenye saratani ya aina hiyo anaweza kuambiwa kwamba hataanzishiwa dawa mara moja, bali atafuatiliwa kwa vipimo. Ili akubali ushauri huo bila hofu, na wakati huo huo asiache kurudi hospitalini, inambidi aelewe mambo mawili: ugonjwa unakwenda polepole, na ugonjwa bado upo. Kuipa saratani sifa ya uvivu hakumwambii lolote kati ya hayo. 'Saratani inayokua polepole' humwambia yote mawili.

Hali ni hiyo hiyo kwa 'lazy eye'. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana 'jicho vivu' anaweza kudhani ni mzaha, au kwamba mtoto hataki kusoma ubao. Ukweli ni kwamba ubongo haujazoea kulitumia jicho lile ipasavyo, na matibabu hufaa zaidi yanapoanza utotoni. Tuseme 'jicho lenye uoni hafifu', kisha tueleze.

Kutokana na mifano hii twaweza kupata kipimo kimoja rahisi cha darasani. Kiingereza huruhusu kivumishi cha uvivu kitumike kwa kidonda, jicho, alasiri na mto. Kiswahili hutumia -vivu hasa kwa kiumbe chenye hiari: mtu, na pengine punda au ng'ombe wa kulimia. Mwanafunzi ajiulize: kinachosemwa kina hiari? Kama hakina, -vivu aliweke kando, atafute jambo lenyewe linalotendeka.

Kivumishi kinapogeuka hukumu

Tukirudi kwa watu, inatubidi tuseme neno juu ya historia. Katika karne ya 18 na 19, na hata baada ya hapo, waandishi wengi wa Ulaya walikuwa wepesi kulitumia 'indolent' na jamaa zake kwa watu waliotawaliwa. Mwaka 1849 Thomas Carlyle aliandika makala kuhusu Waafrika wa visiwa vya Karibi waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba hawataki kazi. Hakushughulishwa na swali la kwa nini mtu aliyefanyishwa kazi kwa mjeledi asitamani kurudi katika shamba lile lile kwa ujira mdogo.

Mfilipino José Rizal alilikabili swali la aina hiyo. Mwaka 1890, katika gazeti la La Solidaridad, alichapisha kwa Kihispania insha ndefu kuhusu 'indolencia' ya Wafilipino. Jambo la kuvutia ni kwamba Rizal hakuanza kwa kukana. Alikubali kwamba hali hiyo ipo, kisha akauliza imetoka wapi. Alionesha kwamba kabla ya Wahispania watu wake walikuwa wakilima, wakichimba madini na kufanya biashara na majirani. Kwamba vita, kazi za kulazimishwa na vikwazo vya biashara viliwavunja moyo. Na kwamba mtu ambaye matunda ya jasho lake huchukuliwa na mwingine hana sababu ya kutoka jasho. Kwake, uvivu ulikuwa matokeo ya utawala mbaya, ilhali watawala waliufanya kuwa sababu ya kuendelea kutawala. Mwaka 1977 mwanazuoni Syed Hussein Alatas aliiendeleza hoja hiyo katika kitabu chake 'The Myth of the Lazy Native', akichunguza jinsi Wamalay, Wafilipino na Wajava walivyopewa sifa hiyo na wakoloni.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo haya. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba. Mkulima ambaye alikuwa akilima ndizi zake, akijenga nyumba yake na kulisha jamaa yake, sasa alilazimika kutafuta fedha, ama kwa kuuza mazao au kwa kuajiriwa. Kazi aliyokuwa akiifanya tangu asubuhi haikuhesabiwa kuwa kazi, maana haikuleta rupia. Kwa macho ya namna hiyo, mtu anaweza kutokwa jasho siku nzima na bado akaandikwa katika ripoti kuwa hapendi kazi.

Sheria nazo zilibeba kivumishi kingine cha ukoo huu. Sheria za kanuni ya adhabu zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza ziliweka kosa la kuwa 'idle and disorderly'. Msomaji atazame jinsi Kiswahili kilivyolipokea kosa hilo: watu walisema uzururaji. Lugha ya watu haikumshtaki mtu kwa uvivu. Ilitafuta kitenzi, kuzurura, hata kama sheria yenyewe iliweza kumkamata mtu aliyekuwa amesimama tu. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Hapa Uganda, mwaka 2022, Mahakama ya Kikatiba ilibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hizo. Majaji walikuwa wakishughulikia haki. Sisi walimu wa lugha tunashughulikia maneno, lakini swali ni moja: je, mtu ahukumiwe kwa alichokitenda au kwa jina alilobandikwa?

Darasani na katika ripoti

Hapo ndipo tunaporudi kwenye kalamu ya mwalimu. Mwishoni mwa muhula, baadhi yetu tunaandika kwa Kiingereza, wengine kwa Kiswahili, na wengi tunafikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Nafasi iliyoachwa kwa maoni ni finyu, na kivumishi kimoja huijaza vizuri: mvivu. Mzazi akisoma, anamwona mtoto wake kwa macho mapya. Mtoto naye akisoma, anaweza kulivaa jina hilo kama sare ya shule.

Tulinganishe maoni haya mawili:

Mwanafunzi huyu ni mvivu.

Mwanafunzi huyu amekamilisha kazi mbili kati ya tano za muhula huu. Huchelewa kuanza, lakini akianza hufanya vizuri.

La kwanza halimwambii mzazi afanye nini. La pili linamwonesha pa kuanzia. Zaidi ya hayo, la pili linaweza kuhakikiwa: kama si kweli, daftari lipo. Hukumu ya 'mvivu' haina daftari la kuipinga. Huenda mtoto huyo anaamka saa kumi alfajiri kuteka maji. Huenda haoni ubao. Huenda kweli anategea. Mwalimu anayeandika matendo huacha mlango wazi wa kuujua ukweli.

Yuko atakayetuuliza: je, mnatetea uvivu? La hasha. Utamaduni wetu hauna huruma na mtu asiyejituma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchumia juani hulia kivulini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini tuzitazame methali hizo kwa makini. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayomwita mtu mvivu. Zinataja kuinama, kuchuma, kugaagaa, kisha zinataja kinachopatikana. Wazee walikemea kwa vitenzi, na kemeo likauma kuliko tusi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo latupa mfano mwema wa lawama iliyotolewa kwa namna hiyo. Likizungumzia kazi vijijini, Azimio lilieleza kwamba wanawake hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, pamoja na Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wa vijijini, na baadhi ya wanawake wa mijini, wako likizo nusu ya maisha yao. Hapo kuna saa zinazohesabika, kuna kulinganisha, na kuna neno 'likizo' linalochoma kwa utulivu. Msikilizaji hawezi kujitetea kwa kusema ametukanwa. Inambidi ajibu zile saa.

Mapendekezo

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo matatu ya kufanyia kazi.

Kwanza, zoezi la tafsiri lenye neno la sifa ya mtu litolewe pamoja na muktadha. Tuwape wanafunzi sentensi tatu zenye 'indolent': moja ya tajiri aliyerithi mashamba na hulala hadi adhuhuri, moja ya karani anayeacha mafaili yarundikane, na moja ya uvimbe usiouma. Majibu mema yatatofautiana: amebweteka, ana ajizi, au ni mlegevu katika kazi, uvimbe usio na maumivu. Mwanafunzi aliyeandika -vivu mara tatu asipewe alama ya vema mara tatu.

Pili, tunapofundisha -vivu tufundishe sura zake zote nne: kuwa mvivu, kuwa na uvivu, kufanya uvivu na kuona uvivu. Somo hili halihitaji zaidi ya kipindi kimoja, na humwonesha mwanafunzi jinsi Kiswahili kinavyotenganisha nafsi, kasoro, tendo na hisia.

Tatu, watungaji wa kamusi za lugha mbili, ambao wengi wao ni walimu kama sisi, waongeze mifano ya matumizi. Orodha ya visawe vilivyotenganishwa kwa mkato humfanya mwanafunzi aamini kwamba mvivu, mzembe na mlegevu ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Sentensi fupi moja kwa kila kisawe ingetosha kuwatenganisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba 'indolent' lilianza kama neno la kutokuwa na maumivu, likapita kwa matabibu, likahamia kwa watu waliostarehe, na baadaye likatumiwa kwa watu ambao hawakuwa na starehe yoyote. Neno lenye safari kama hiyo haliwezi kutoshelezwa na tafsiri moja. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila kituo cha safari hiyo, mradi mfasiri akubali kuuliza kwanza: ni tabia, ni tendo, ni hisia, au ni ugonjwa? Na mwalimu anayeshika kalamu mwishoni mwa muhula aongeze swali la tano: nimeyaona haya mwenyewe, au nimeambiwa?

Tunawakaribisha wasomaji wa jarida hili watuandikie maneno ya uvivu yanayotumika katika lugha zao za nyumbani, pamoja na sentensi moja ya mfano kwa kila neno, ili tuyatumie katika mazoezi ya tafsiri ya muhula ujao.